Urubani ng'ambo: Saa 40 za kwenye tangazo huwa haziishii 40

Matangazo ya shule za urubani za Marekani yamejaa kwenye simu za vijana wa Afrika Mashariki. Leseni ya rubani binafsi, yaani PPL, saa 40, miezi michache, bei hii hapa. Kisichosemwa ni kwamba saa 40 ni kima cha chini cha kisheria. Wanafunzi wengi hufika saa 60 au zaidi kabla ya kuwa tayari kwa mtihani.

Marekani inataka angalau saa 40 za kuruka, au 35 kwa shule zenye mtaala ulioidhinishwa, zinazojulikana kama Part 141. Uingereza, Afrika Kusini na nchi za Umoja wa Ulaya zinataka 45.

Sasa piga hesabu. Tuseme shule inatoza dola 250 kwa saa, ndege na mkufunzi pamoja. Saa 40 ni dola 10,000. Saa 60 ni dola 15,000. Hapo bado kodi ya chumba, chakula, ada ya mtahini na hedifoni. Familia iliyouza kiwanja ili kulipia saa 40 inajikuta inapigiwa simu kijana akiwa amebakiza theluthi ya safari, na hela imeisha.

Kwa hiyo swali la maana kwa shule ni hili: wanafunzi kumi wa mwisho walimaliza kwa saa ngapi, na kwa miezi mingapi? Shule inayokwepa swali hilo imeshajibu.

Halafu kuna ndege zenyewe. Kwa sheria za Marekani, ndege inayofundishia kwa malipo lazima ikaguliwe na fundi kila baada ya saa 100 za kuruka. Shule yenye Cessna mbili, moja ikiingia karakana, imebaki na nusu ya uwezo wake. Foleni inakuwa ndefu, mwanafunzi anakaa siku kumi bila kuruka, anasahau kutua, na saa mbili za somo linalofuata zinaliwa na marudio. Ndivyo 40 inavyokuwa 60.

Hali ya hewa nayo ina bei. Arizona anga ni safi sehemu kubwa ya mwaka, ingawa joto la kiangazi si mchezo. Florida, radi za mchana wakati wa kiangazi hufanya wengi waruke asubuhi mapema. Uingereza wakati wa baridi, mawingu ya chini yanaweza kumweka mwanafunzi chini wiki nzima huku kodi ya chumba ikihesabika.

Hatari kubwa zaidi ni kulipa ada yote siku ya kwanza. Februari 2008, kampuni ya Silver State Helicopters ya Marekani, iliyokuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, ilifunga milango ghafla na kufilisika. Wengi walikuwa wamechukua mikopo mikubwa kulipia kozi ambayo hawakuimaliza. Kulipa kwa mafungu ya saa tano au kumi ni salama zaidi, hata kama punguzo la kulipa yote linavutia. Viza ya masomo ya Marekani hudai uthibitisho kwamba pesa ipo. Kuonyesha pesa na kuikabidhi shule ni mambo mawili tofauti, na baadhi ya mawakala hupenda kuyachanganya.

Marekani pia, asiye raia hupitia ukaguzi wa usalama wa serikali, pamoja na kuchukuliwa alama za vidole, kabla ya kuanza mafunzo ya ndege. Utaratibu huo ulitokana na mashambulizi ya Septemba 2001. Na si kila shule inaruhusiwa kutoa fomu ya I-20 inayohitajika kwa viza, kwa hiyo hilo liulizwe kabla ya kutuma hata senti.

Uchunguzi wa afya ufanyike kabla ya kukata tiketi. Macho yasiyotofautisha rangi, kisukari au kifafa vinaweza kuwekea leseni masharti au kuizuia kabisa, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa nyumbani.

Tena, leseni ni ya nchi iliyoitoa. Ili kurusha ndege iliyosajiliwa Kenya (5Y), Tanzania (5H) au Uganda (5X), leseni ya kigeni lazima itambuliwe au ibadilishwe na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Masharti ya kubadilisha, kama mtihani wa sheria za anga, yaulizwe kwanza, kisha gharama yote ilinganishwe na shule za Wilson, Nairobi, au chuo cha Soroti. Ikumbukwe pia kwamba PPL hairuhusu kulipwa mshahara wa urubani. Ajira inahitaji leseni ya biashara, ambayo kwa kiwango cha kimataifa ni saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa.

Kabla ya kurudi nyumbani, mwanafunzi adai nakala za rekodi zote za mafunzo zikiwa na saini ya mkufunzi, pamoja na daftari lake la saa. Kuzifuatilia ukiwa Dar es Salaam, kwa shule ambayo huenda imeshabadilisha wamiliki, ni kazi nyingine kabisa.