Ombi la uraia halifufui pasipoti iliyokwisha

NAMANGA. Chukua Mkenya mwenye duka la vyombo vya plastiki Arusha. Mzigo wake hutoka Nairobi na kila baada ya wiki mbili huvuka naye hapa Namanga. Ameishi Tanzania kwa kibali cha ukaazi miaka 10 na ushei, watoto wanasoma huko, na sasa ameomba uraia wa tajnisi. Pasipoti yake ya Kenya imebakiza miezi miwili. Anajiambia: ya nini kuhangaika kuihuisha, nami karibu nitakuwa Mtanzania?

Hesabu hiyo inaweza kumwacha upande mmoja wa mpaka na mzigo upande wa pili.

Kuomba uraia hakubadili lolote katika hadhi ya mtu. Mpaka aape na kukabidhiwa cheti, mfanyabiashara huyo ni Mkenya machoni pa nchi zote mbili, na kibali chake cha ukaazi kinakwenda pamoja na pasipoti yake. Risiti ya maombi si hati ya kusafiria. Hakuna ofisa wa Uhamiaji atakayeigonga muhuri.

Na njia ya tajnisi si fupi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo 12 awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba. Ombi hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ni yale matangazo madogo ambayo wengi huyaruka wakitafuta habari za mpira. Mwenye uamuzi ni waziri, naye halazimiki kutoa sababu akikataa. Aliyekataliwa huku pasipoti imekufa ana matatizo mawili badala ya moja.

Hatari nyingine ni haraka. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo anayepewa tajnisi hutakiwa kuukana uraia wake wa awali. Wapo wanaodhani kuukana mapema kutaonyesha nia njema. Anayeukana kabla ya kuarifiwa rasmi kuwa ombi limekubaliwa anaweza kujikuta hana nchi yoyote, na mtu asiye na nchi havuki Namanga wala Sirari.

Kwa Mtanzania anayehamia upande wa pili, kibao kinageuka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, na inamfungulia mlango wa kuomba uraia aliyeishi huko kihalali miaka saba mfululizo, au aliyedumu miaka saba katika ndoa na Mkenya. Kenya haitamnyang'anya uraia wa Tanzania. Sheria ya kwao ndiyo itakayomwondolea: mwenye miaka 18 au zaidi akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, Utanzania wake unakoma. Pasipoti yake inaweza kuonyesha miaka mitano mbele. Tarehe hiyo ni uhai wa kitabu, si uhai wa uraia. Akiendelea kuvukia nayo anatafuta kesi.

Jalada la pasipoti mpya lenye maneno Jumuiya ya Afrika Mashariki nalo limewachanganya baadhi ya watu. Jumuiya haina uraia wake. Kila pasipoti hiyo imetolewa na nchi moja, kwa raia wake.

Mkenya wa Arusha, basi, aingie foleni ya kuihuisha pasipoti sasa, iwe ubalozini Dar es Salaam au Nyayo House anapofuata mzigo Nairobi. Akipata mpya, asitupe ya zamani: ina mihuri inayoonyesha safari zake na miaka aliyokaa nchini. Nakala apeleke Uhamiaji, ili kibali na faili la maombi visibaki vikisoma namba ya pasipoti iliyokwisha.