Jinsi Kasi ya Risasi Ilivyopimwa kwa Gogo la Kuning'inia

Risasi ikisha kutoka katika mdomo wa bunduki, jicho la mtu haliwezi kuifuata. Iliyo na kasi ya futi 1,600 kwa sekunde moja hupita urefu wa uwanja mzima wa mpira kwa muda wa sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani kabla mtu hajamaliza kupepesa macho. Hapakuwa na saa katika karne ya 18 iliyoweza kupima muda mfupi namna hiyo. Kwa hiyo mafundi wa mizinga walitumia baruti miaka mamia bila kujua hasa risasi zao zakwenda mbio kiasi gani, walikisia tu.

Aliyelitatua jambo hili ni Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, aliyezaliwa katika mji wa Bath mwaka 1707. Ni ajabu kidogo, maana wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Quaker, watu wasiopenda vita hata kidogo. Mwaka 1742 alitoa kitabu juu ya elimu ya mizinga, na ndani yake alieleza chombo chake. Hakikuwa na saa wala gurudumu. Kilikuwa na miguu mitatu, na katikati yake pakaning'inia chuma kizito chenye kipande kinene cha mbao upande wa mbele. Risasi ilipigwa katika mbao hiyo, ikazama na kukaa humo humo, na chombo chote kikasukumwa nyuma kama pembea. Utepe uliofungwa chini ulivutwa kwa kadiri kile chuma kilivyokwenda, na mpimaji akausoma kwa utulivu baada ya moshi kwisha.

Je, utepe huo wawezaje kueleza kasi ya risasi? Msomaji na amfikirie mtu anayetoka mbio gatini na kurukia mtumbwi mdogo uliotulia majini. Mtumbwi na mtu huondoka pamoja, lakini polepole kuliko vile mtu alivyokuwa akikimbia. Mtumbwi ukiwa mzito zaidi, huondoka polepole zaidi. Kanuni yake ni hii: uzito ukizidishwa kwa kasi, jumla iliyokuwapo kabla ya kugongana ndiyo inayobaki baada ya kugongana, ikiwa vitu hivyo viwili havisukumwi na kitu kingine. Risasi ni yule mtu anayekimbia, na mbao ndiyo mtumbwi.

Tuseme risasi ina uzito wa wakia 1, na mbao pamoja na risasi iliyomo ni ratili 25, yaani wakia 400. Mbao imesukumwa, na katika kubembea imepanda juu inchi 3, ambazo ni robo ya futi. Sasa, kitu kinachopanda hupoteza kasi ile ile ambayo kingeipata kama kingeanguka kutoka kimo hicho. Kuipata kasi hiyo, chukua kimo kwa futi, zidisha kwa 64, kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa jawabu hilo. Robo mara 64 ni 16, na 4 mara 4 ni 16. Basi mbao iliondoka kwa kasi ya futi 4 kwa sekunde, ambayo si zaidi ya mwendo wa mtu atembeaye taratibu. Lakini uzito wote ni mara 400 ya uzito wa risasi. Kwa hiyo risasi ilikuja kwa kasi ya futi 4 mara 400, yaani futi 1,600 kwa sekunde. Namba za Robins mwenyewe kwa bunduki za zama zake zilikuwa karibu na hapo.

Wanafunzi wengi hujikwaa mahali pamoja hapa. Husema kwamba nishati yote ya risasi imeingia katika kubembea. Kama ingekuwa hivyo, mbao ile ingepaa futi 100! Kwa kweli, katika sehemu 400 za nishati ya risasi, ni sehemu moja tu inayobaki katika mwendo wa mbao. Nyingine zote huishia katika kupasua nyuzi za mbao, kuponda risasi na kutoa joto.

Faida kubwa ya chombo hiki ilionekana Robins alipokiweka mbali na bunduki, kisha mbali zaidi, na kulinganisha. Kabla yake wengi waliona hewa kuwa kitu chepesi kisichoweza kuzuia risasi. Kama ni kweli, risasi ya bunduki iliyoelekezwa juu nusu ya pembe mraba ingeanguka zaidi ya maili 15 kutoka hapo ilipopigwa. Lakini kila askari alijua kwamba haifiki hata maili moja. Hewa ndiyo iliyoizuia, na kwa nguvu nyingi mno. Hesabu za mizinga zilizofundishwa kwa miaka 100 zikawa hazifai. Mwaka 1745 Leonhard Euler, bingwa mkubwa wa hesabu, alikifasiri kitabu hicho kwa Kijerumani na kukiongezea maelezo marefu mno.

Baadaye Charles Hutton, aliyefanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe ujanani mwake na kuishia kuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha jeshi huko Woolwich, alitengeneza magogo makubwa zaidi, akapima mizinga tangu mwaka 1775. Aliona kwamba kuongeza kasi mara mbili kwahitaji baruti mara nne.

Shuleni jambo hili huonyeshwa bila bunduki. Mkebe hujazwa udongo laini mpaka uzito wake ufike gramu 990, ukaning'inizwa kwa kamba ya mita 1, na kokoto la gramu 10 likapigwa ndani yake kwa manati. Mkebe ukisogea sentimita 8, kimo chake hakionekani kwa macho. Hupatikana kwa kuzidisha 8 kwa 8 na kugawanya kwa urefu wa kamba mara mbili, yaani 200. Hutoka milimita 3 na kidogo, na kasi ya kokoto huwa kama mita 25 kwa sekunde, sawa na motokaa iendayo kilomita 90 kwa saa. Manati na ishikwe na mwalimu, na wanafunzi wasimame nyuma yake, maana kokoto lenye kasi hiyo hutoboa jicho.