Nje ya nyumba ndogo: upenu, maji na haki ya jirani

Ijumaa ya leo tumechagua kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaona si la ukurasa huu, nalo ni sura ya nje ya nyumba ndogo. Sisi tunaliona ni lake hasa. Mambo mengi ambayo dini yetu imeyawekea adabu katika maskani hutokea nje ya ukuta: mahali anaposimama mgeni akibisha hodi, yanakoelekea maji ya mvua, linakotazama dirisha, kinakoelekea choo, njia ya wapitao. Nyumba kubwa yenye uzio na geti huficha makosa yake. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu iko njiani, na kila kosa la nje yake humfikia ama mwenye nyumba ama jirani yake.

Mfano wetu tumeuchukua Kerende, wilayani Tarime, mkoani Mara, miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara pamoja na Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Nyamwaga. Waislamu huko si wengi, lakini mvua hainyeshi kwa kuchagua dini. Zamani Wakurya walijenga nyumba za mviringo, za miti na udongo, na paa la nyasi lililoshuka na kuupita ukuta. Paa lile lilikuwa mwavuli wa ukuta. Ilipokuja nyumba ya pembe nne na bati, watu wengi wakalikata paa sawasawa na ukuta ili kuokoa bati, na mwavuli ukaondoka. Hasara ile inalipwa hadi leo kwa kuta zinazoliwa na maji upande wa chini.

Kabla ya kuingia katika ufundi, hatuna budi kulitaja neno moja ambalo msomaji wa mbali huenda hajalisikia: tegesha. Katika eneo zima la Nyamongo, tegesha ni nyumba inayojengwa haraka mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili wathamini waihesabu na aliyeijenga alipwe fidia. Nyumba ya namna hiyo haihitaji upenu, wala choo, wala mahali pa mgeni kuketi, kwa kuwa hakuna anayekusudia kulala ndani yake. Kudanganya katika mali ni ghushi, na hukumu yake haibadiliki kwa sababu anayedanganywa ni tajiri. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu upande mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa, na malalamiko ya wananchi wa vijiji hivyo kuhusu fidia yamesikika kwa miaka mingi. Mtu aliyekata tamaa na haki huanza kutafuta hila.

Anayetuhuzunisha zaidi ni wa tatu, yule ambaye hakutegesha wala hakulipwa. Ni baba wa familia asemaye, "Tutahamishwa tu," kisha analea watoto miaka kumi katika nyumba isiyo na upenu wala mfereji. Huyu ameijengea familia yake tegesha bila kukusudia. Ushauri wetu kwake ni kwamba, maadamu uthamini haujafanyika na hajaelekezwa na mamlaka kusimamisha ujenzi, aikamilishe nyumba anayoishi. Nyumba iliyokamilika na mti wa matunda navyo huthaminiwa. Apige picha za kila hatua na kuhifadhi risiti za saruji na bati, awe na ushahidi kwamba hapa paliishi watu.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe, tukianza na dira. Kerende iko karibu sana na ikweta, kusini yake kidogo. Jua huchoma kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri, mwaka mzima. Anayeanza kujenga aziweke kuta fupi pande hizo mbili, na kuta ndefu pamoja na madirisha makubwa zitazame kaskazini na kusini. Jambo hili haligharimu hata senti moja, ila kumwambia fundi kabla hajavuta kamba za msingi.

Dira hiyo hiyo inahusu choo. Bwana Mtume (s.a.w.) amekataza kuelekea Kibla au kukipa mgongo wakati wa haja, na watu wa Madina akawaelekeza upande wa mashariki au magharibi, kwa kuwa kwao Kibla kiko kusini. Kutoka Mara, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo maelekezo waliyopewa watu wa Madina yanatufaa vivyo hivyo, ingawa sisi tuko upande wa pili wa Makka. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu choo kilichozungushiwa ukuta, na wengi wameona hakuna ubaya. Lakini kwa anayechimba shimo jipya, kuligeuza tundu lielekee mashariki na magharibi ni kazi ya dakika moja, na kutoka katika hitilafu ni bora. Shimo liwe upande wa mteremko, chini ya kisima na mbali nacho, lisiwe karibu kuliko meta 30. Wazee wanaoikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wanajua kwamba suala la choo si geni vijijini mwetu.

Upenu ndio moyo wa makala haya. Tunapendekeza usipungue sentimita 60 kuizunguka nyumba yote, na upande unaopigwa na mvua ya upepo ufike 90. Wengi wa mafundi watasema ni kupoteza bati. Wajibiwe kwamba bati la ziada hununuliwa mara moja, na ukuta ulioliwa na maji hurudiwa kila baada ya masika. Jambo hili ni la lazima zaidi kwa kuta za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Tone la mvua likianguka karibu na ukuta huruka na tope, likalamba tofali za chini hadi zikawa nyembamba kama kisu. Kwa hiyo msingi nao uinuliwe, walau sentimita 45 juu ya ardhi, na uzungukwe na kitako cha saruji au mawe yaliyopangwa, kikiinamia nje ili maji yasisimame. Kitako hicho pia hukuwezesha kuiona njia ya mchwa kabla hawajafika kwenye kenchi. Upenu mrefu una adui mmoja, nao ni upepo, hivyo kenchi zifungwe kwa waya imara kwenye lenta kabla bati halijapigwa. Lenta izunguke nyumba nzima. Katika vijiji vilivyo jirani na mgodi, ambako wakaazi wamekuwa wakilalamikia nyufa kutokana na ulipuaji wa miamba, lenta ya mzunguko si anasa.

Uwazi unaobaki kati ya ukuta na bati ni mlango wa mbu wa malaria. Usizibwe kabisa kwa udongo, kwani chini ya bati joto litakuwa la tanuri. Uwekewe wavu wa mbu, na madirisha vilevile.

Ama kuhusu rangi, tuna neno fupi. Kuta za juu zipakwe chokaa, ambayo ni rahisi na hung'arisha nyumba. Meta moja ya chini ipakwe rangi ya udongo mwekundu au hudhurungi, ili tope la mvua lisionekane kama uchafu. Mwenye uwezo wa matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulioanzishwa mwaka 2001 ulikuwa ukiyatangaza, anaweza kuyaacha bila lipu wala rangi na yakapendeza. Nguzo za nakshi mbele ya nyumba ya vyumba viwili hatuzipingi, ila tunashangaa kuziona zimesimama mahali pasipo na mfereji wa maji.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila familia ilipigie hesabu. Nyumba ya meta 6 kwa 8, yenye upenu wa sentimita 60 kila upande, ina paa linalofunika meta 7.2 kwa 9.2, yaani karibu meta za mraba 66. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa Tarime ni mvua ya kawaida ya jioni moja, huangusha juu ya paa hilo lita 660. Tukitoa moja ya tano kwa kinachopotea, zinabaki lita 530, zaidi ya ndoo 26 za lita 20. Binti aliyekuwa abebe ndoo hizo kichwani kutoka mtoni amepumzika, na maji ya mto wenyewe si ya kuaminiwa tu. Mwezi Mei mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika mto Mara, na hofu ya wakaazi kuhusu maji ya mtoni haikwisha na mwaka ule. Hata hivyo, maji ya paa nayo yana adabu yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwa kuwa imebeba vumbi la barabara na la mgodi pamoja na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Gata ikishawekwa, swali linalofuata ni inamwagia nani. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, ingawa wanazuoni wamezungumza kuhusu isnadi yake, kwamba mfereji wa paa la al-Abbas, ami yake Mtume, ulimmwagia Sayyidna Umar (r.a.) maji machafu akiwa njiani kwenda kuswali Ijumaa. Akaamuru ung'olewe. Al-Abbas alipomweleza kwamba aliyeuweka pale alikuwa Mtume mwenyewe, Umar akamtaka apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Mafakihi hukitaja kisa hiki wanapozungumzia mifereji inayoelekea njia ya watu. Sisi tunakitaja kwa sababu ya viwanja vyembamba vya Kerende, ambako upenu wa mmoja unamwaga juu ya ukuta wa mwingine. Upenu na gata viishie ndani ya mpaka wako, na maji yanayobaki yaelekezwe kwenye migomba yako, si kwenye mlango wa jirani.

Kuhusu stara, Surat An-Nur inatuamuru kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wengine, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisimama pembeni mwa mlango. Mjenzi anaweza kuisaidia adabu hiyo. Lamu, nyumba za mawe zina daka, kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta mbele ya mlango, na kutoka hapo mtu huingia kwa kupinda kona, hivyo mpita njia haoni uani. Nyumba ndogo ya Mara haina nafasi ya daka, lakini ukuta mfupi wa matofali ya matundu mbele ya mlango hufanya kazi hiyo hiyo na kupitisha upepo. Baraza la meta 1.2 liwekwe upande wa mlango, mgeni aketi bila kutazama ndani, na dirisha la chumba cha kulala lisikabiliane na la jirani.

Asiye na fedha za kufanya haya yote kwa pamoja aanze na upenu na kitako, kwa kuwa ukuta ukianguka hakuna cha kupaka rangi. Gata ya upande mmoja na pipa moja vifuate. Stara inaweza kuanza na mimea: manyara huota upesi na mifugo haili, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Upandwe mbali na njia ya watoto, na anayeukata aelekeze uso kando.