Faksi ya Intaneti: Maneno ya Kujua Kabla Hujalipa

Umefungua biashara ndogo ya mtandaoni, mambo yanaanza kuiva, na mteja wako wa Marekani anataka mkataba na kampuni iliyosajiliwa huko. Unasajili kampuni. Halafu unaambiwa unahitaji EIN, nambari ya ushuru inayotolewa na IRS, ambayo ni kama KRA yao. Unajaribu kuiomba mtandaoni, unakwama, kwa sababu fomu ya mtandaoni inadai nambari ya utambulisho ya Marekani ambayo huna. Njia moja unayobaki nayo? Tuma fomu SS-4 kwa faksi.

Faksi? Kwani hiyo kitu bado iko? Iko, tena sana. Hospitali na ofisi nyingi za serikali Marekani bado zinaitumia kila siku. Na huhitaji kutafuta mashine mjini. Simu yako inatosha.

Inafanyaje kazi?

Wazo la faksi ni la zamani kuliko simu yenyewe. Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Uskoti, alipata hataza yake mwaka wa 1843. Mashine inasoma karatasi mstari kwa mstari, inageuza weusi na weupe kuwa mawimbi ya sauti, kisha inayapitisha kwenye laini ya simu. Mashine ya upande wa pili inachora upya.

Kwa faksi ya intaneti, wewe unapakia PDF kwenye tovuti au programu. Kampuni ya huduma hiyo ndiyo inapiga simu kwa mashine ya mpokeaji kwa niaba yako. Ukijibiwa, jibu linakuja kwa barua pepe kama PDF.

Maneno utakayokutana nayo

*Kusalimiana:* zile kelele za mwanzo. Mashine mbili zinakubaliana kasi kabla ya kuanza kazi. Zikishindwa kuelewana, faksi haiendi.

*Kundi la 3 (G3):* kanuni za mwaka wa 1980 ambazo mashine nyingi bado hufuata. Ndiyo sababu mashine kuukuu inaweza kuongea na huduma mpya.

*T.38:* kanuni ya kupitisha faksi kwenye intaneti bila kupoteza data njiani. Ukiona huduma inaitaja, ni dalili nzuri.

*Ubora wa picha:* ubora wa kawaida ni takriban nukta 204 kwa 98 kwa kila inchi. Ubora wa juu ni 204 kwa 196. Kama fomu ina maandishi madogo au sahihi, chagua wa juu. Itachukua muda zaidi, lakini itasomeka.

*Ukurasa wa jalada:* karatasi ya kwanza yenye jina la mpokeaji, jina lako, nambari yako na idadi ya kurasa. Huduma nyingine huuhesabu kama ukurasa wa kulipia, kwa hivyo uliza mapema.

*Ripoti ya uthibitisho:* inaonyesha saa, nambari iliyopigwa na kurasa zilizofika. Ihifadhi kama unavyohifadhi ujumbe wa malipo. Ila kumbuka, inathibitisha kwamba kurasa zimefika kwenye mashine. Haisemi kwamba kuna mtu amezisoma.

Mahali pesa hupotea

Kwanza, huduma nyingi za bure ni za kutuma tu. IRS ikitaka kukujibu kwa faksi, inahitaji nambari yako ya kupokea. Bila hiyo, utangoja barua ya posta. Kwa hivyo lipia huduma yenye nambari ya kupokea, na usiifunge kabla jibu halijafika.

Pili, kuna mtego wa "jaribu bure". Unaweka kadi, siku za majaribio zinaisha, na kila mwezi unakatwa. Ukilipa kwa kadi pepe ya simu yako, weka kiasi unachohitaji pekee. Andika kwenye kalenda tarehe ya kughairi, kisha ughairi kwenye akaunti yenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo.

Tatu, madalali. IRS haitozi hata senti moja kwa EIN. Ukiambiwa "ada ya serikali", ujue hiyo ni ada ya dalali. Kumlipa mtu akujazie fomu si kosa, lakini jua unalipia nini.

Nne, siri zako. Intaneti inaweza kufungwa kwa usimbaji, lakini kipande cha laini ya simu kwa kawaida huwa wazi. Ukitumia saiba, futa nakala kwenye kompyuta na utoke kwenye barua pepe yako. Na hakuna huduma ya faksi inayohitaji PIN yako ya pesa za simu. Hakuna kabisa.

Kabla ya kubonyeza tuma

Chukua nambari ya faksi kwenye tovuti rasmi ya ofisi husika, usiitoe kwenye WhatsApp ya mtu. Anza na +1 kwa Marekani. Isome tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Pesa ukiituma kwa nambari isiyo sahihi unaweza kuomba irudishwe. Faksi ikishachapishwa kwa ofisi ya mtu usiyemjua, hairudi.