Hifadhidata za Mpira wa Kikapu na Hesabu za Mbashiri

Hifadhidata ya takwimu za mpira wa kikapu ni daftari kubwa la michezo iliyokwisha kuchezwa, lililopangwa ili liweze kuulizwa maswali. Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet anaujua mpangilio huo: majani yakipimwa kituoni, kilo huandikwa chini ya namba yake pamoja na tarehe, na malipo ya mwezi hutokana na kujumlisha mistari ya namba ile. Katika kikapu, kila mchezo wa kila timu una mstari wake. Safu zake hubeba tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, pointi za kila kwota, ribaundi, mipira iliyopotezwa, mitupo huru, siku za mapumziko, na handikapu iliyotangazwa na kampuni za kamari kabla ya mchezo, yaani tofauti ya pointi ambayo timu inayotarajiwa kushinda lazima iipite.

Ligi inayolishwa zaidi kwenye hifadhidata hizi ni NBA ya Marekani. Ina timu 30, kila moja hucheza michezo 82, na msimu hufikisha michezo 1,230 kabla ya hatua ya mtoano. Kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya Basketball-Reference, iliyoanzishwa mwaka 2004. Kijana wa Kipkelion, mji wa reli ulioitwa Lumbwa enzi za ukoloni, akiwa na kompyuta kuukuu na bando la intaneti, anafikia takwimu zilezile anazosoma mtu wa Chicago. Programu nazo si za kununua: SQLite, R na Python ni za bure, na lugha ya kuulizia maswali, SQL, ilibuniwa na wahandisi wa IBM miaka ya 1970. Wengi huanzia Excel tu, na kwa msimu mmoja inatosha.

Nguvu ya hifadhidata iko kwenye swali. Mbashiri anaweza kuuliza: timu ya nyumbani iliyocheza jana yake ugenini, ikikutana na timu iliyopumzika siku mbili au zaidi, imeshinda handikapu mara ngapi tangu 2015? Programu huchambua tarehe, ikalinganisha kila mchezo na uliotangulia, ikaondoa mistari isiyohusika, na kutoa jibu kwa sekunde chache. Kwa kalamu na karatasi, kazi hiyo ingekula wiki nzima.

Pointi peke yake hupotosha, kwa kuwa timu nyingine hucheza haraka na nyingine polepole. Dean Oliver, Mmarekani aliyechapisha kitabu cha uchambuzi wa kikapu mwaka 2004, alieneza desturi ya kuhesabu kwa zamu za kushambulia. Zamu hukadiriwa hivi: mitupo ya uwanjani, jumlisha mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, jumlisha mipira iliyopotezwa, kisha ondoa ribaundi za kushambulia. Timu iliyofunga pointi 120 katika zamu 108 imepata pointi 111 kwa kila zamu 100. Iliyofunga 108 katika zamu 94 imepata karibu 115. Ya pili ndiyo iliyoshambulia vizuri zaidi, ingawa ubao wa matokeo unasema kinyume.

Hadi hapo kazi ni ya kupendeza. Ugumu huanza takwimu zinapokutana na bei. Timu ikipewa handikapu ya pointi 6.5, lazima ishinde kwa pointi saba au zaidi ili aliyeichagua alipwe. Kila upande hulipa takriban 1.91, yaani dau la shilingi 100 hurudisha 191. Kwa bei hiyo, mtu anahitaji kupatia asilimia 52.4 ili asipate hasara wala faida. Kampuni zinazopanga handikapu zina hifadhidata zilezile, na aghalabu bora zaidi, hivyo uchovu wa safari, ubora wa ulinzi na faida ya uwanja wa nyumbani vyote vimekwisha kuingizwa ndani ya bei. Kujua kwamba timu ni nzuri hakumpi mbashiri chochote. Anachotafuta ni mahali ambapo bei imekosea, na mahali hapo ni padogo sana.

Kuna mtego mbaya zaidi, na huwanasa hasa wenye bidii. Sarafu ikirushwa mara kumi, uwezekano wa upande uliochaguliwa kutokea mara nane au zaidi ni karibu asilimia 5.5. Anayeuliza hifadhidata maswali mia moja yasiyo na maana yoyote, kila moja likipata michezo kumi, atarajie matano au sita yatoe "siri" ya namna hiyo: timu fulani hushinda Jumanne, baada ya kufungwa, ikiwa ugenini. Kadiri masharti yanavyoongezwa, ndivyo mistari inavyopungua na bahati inavyojifanya kanuni. Dawa inayojulikana ni kutafuta kanuni kwenye misimu fulani, kisha kuijaribu kwenye misimu mingine ambayo haikuguswa. Hata kanuni ya kweli huchelewa kujithibitisha. Aliyepatia 55 kati ya 100 bado anaweza kuwa na bahati tu. Kumtofautisha na wa asilimia 52.4 kunahitaji ubashiri kama 1,500, zaidi ya msimu mzima wa NBA.

Kumbukumbu zenyewe zina mashimo. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, NBA ilimalizia msimu sehemu moja karibu na Orlando, bila mashabiki wa kawaida, na "nyumbani" likabaki jina kwenye jedwali. Mistari hiyo ikichanganywa na mingine, huharibu hesabu ya faida ya nyumbani. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ina shida ya uchache: Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko, ilicheza michezo sita tu ya kundi mwaka 2025. Tena michezo ya BAL ni ya dakika 40, ya NBA dakika 48, na jumla za pointi zake hazilinganishwi moja kwa moja. Habari za majeruhi nazo huja saa chache tu kabla ya mchezo, na kwa Mkenya hizo ni saa za usingizi. Mchezo wa saa 1:30 jioni New York wakati wa baridi ni saa 9:30 usiku Kipkelion.

Wabashiri wengi wa Kenya, hata hivyo, hawachezi mchezo mmoja mmoja, wanasuka mkeka, yaani ubashiri wa michezo kadhaa unaolipa tu yote ikipatia. Hapo hesabu huwa kali. Michezo mitano ya bei 1.91 hulipa mara 25.4, lakini kama kila mmoja una nafasi nusu kwa nusu, mkeka hupatia mara moja kati ya 32. Hasara ya wastani, ambayo kwa mchezo mmoja ni asilimia 4.5, hupanda hadi zaidi ya 20.

Kodi nayo hukaa nje ya hifadhidata. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2025 inatoza asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 kwa zinazotolewa. Anayeweka shilingi 1,000 kwa mchezo mmoja na kutoa anachoshinda hubashiri kwa 950, na akipatia hupokea kama 1,724. Kiwango cha kutopata hasara hupanda kutoka asilimia 52.4 hadi 58. Aachaye pesa zizunguke ndani ya akaunti hutozwa mara chache zaidi, ila huko pesa hukatwa na bei ya 1.91 kila zinapowekwa upya.