Kompyuta Mpakato Isiyotoa Sauti: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Vyama vya msingi vingi sasa vinatumia kompyuta mpakato, na kazi ya chombo hicho haikomi katika kuandika taarifa. Kwa chombo hicho katibu husikiliza mafunzo na kushiriki mikutano ya Chama Kikuu pasipo kulipa nauli. Kwa hiyo sauti inapopotea, chama hukosa kusikia maagizo yanayokihusu. Tena lipo jambo zito zaidi. Baadhi ya mafundi, ili kumaliza kazi upesi, hufuta diski nzima na kuweka Windows upya. Na ndani ya diski hiyo mna orodha ya wanachama, uzito wa mazao yaliyopokewa na madai ya malipo.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba ukimya huo si lazima uwe dalili ya chombo kufa. Kadi ya sauti hufanya kazi kwa kuongozwa na programu-endeshi, ambayo mafundi huiita draiva. Draiva ikiharibika, au isipolingana na Windows baada ya masasisho, kadi haianzi. Ni sawa na mzani mzima ambao mpimaji wake hajafika kazini.

Baada ya kuhakikisha kwamba sauti haikufungwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha chagua Device Manager. Jina la kifaa cha sauti likiwa na alama ya pembetatu ya manjano, libonyeze mara mbili. Maneno "Code 10" yakionekana, maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Hapo zifuatwe hatua hizi kwa mpangilio:

(a) Nakili kumbukumbu zote za chama katika flashi, kisha uifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka.

(b) Washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart, wala si Shut down. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida kunaweza kuhifadhi hali ya draiva katika diski, na kosa likarudi lilivyokuwa. Restart huzipakia draiva upya.

(c) Ikiwa kosa lilianza baada ya masasisho, rudi katika dirisha la kifaa hicho, fungua sehemu ya Driver, uchague Roll Back Driver. Draiva ya awali itarejeshwa, iwapo bado imehifadhiwa.

(d) Isipofaa, chagua Uninstall device, kisha uwashe kompyuta upya. Windows itajaribu yenyewe kuweka draiva nyingine.

(e) Kosa likiendelea, pata draiva katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo, kwa kufuata namba ya modeli, ambayo mara nyingi huandikwa chini ya kompyuta. Zisitumiwe programu za bure zinazoahidi kutengeneza draiva zote, kwani baadhi yake huleta virusi.

Wakati matengenezo yanaendelea, mkutano usiahirishwe. Visikilizio vya masikioni vya USB vina kadi yao ndogo ya sauti; kwa hiyo vinaweza kufanya kazi hata kama kadi ya ndani imekwama. Vikitoa sauti, mtajua pia kwamba kosa limo katika kadi ya ndani au draiva yake, wala si katika Windows nzima.

Hatua zote zikishindikana, ndipo aitwe fundi, naye aonyeshwe ile "Code 10" na aelezwe yaliyokwisha kujaribiwa. Asiruhusiwe kufuta diski pasipo idhini ya maandishi ya Bodi ya chama, na kabla ya nakala ya kumbukumbu kuthibitishwa. Kadi ya sauti ikifa, visikilizio vya USB vinaweza kushika nafasi yake. Bali kumbukumbu za madai ya wakulima zikifutika, hakuna duka linaloziuza.