Kabla Nyumba Yako Haijathaminiwa, Uliza Leseni

Mwananchi wa Mpanda anayeweka nyumba yake dhamana ya mkopo, au ambaye shamba lake linatwaliwa kwa mradi wa umma, hutegemea kiasi kimoja cha fedha kitakachoandikwa na mthamini. Kiasi hicho kikikosewa, hasara ni yake.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini. Cheti cha usajili cha zamani pekee hakitoshi: mthamini anapaswa kuwa na leseni hai na kuendelea kujifunza taaluma yake. Sababu ni bayana. Bei ya kiwanja mjini Mpanda haiwezi kukadiriwa leo kama kabla ya mji huo kuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012. Asiyejifunza hupima mali ya leo kwa kipimo cha jana.

Kwa hiyo tunakushauri:

1. Omba kuona leseni. Soma jina na tarehe ya ukomo.
2. Hakiki jina hilo kwa Bodi.
3. Katika uthamini wa fidia, hakikisha ardhi, majengo, mazao na posho stahiki, ikiwemo ya usumbufu, vimeorodheshwa. Taarifa hiyo huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.
4. Usitie sahihi fomu isiyojazwa, na utunze nakala yako.

Mthamini halali hachukizwi na maswali haya.